Ukipenda ndege za kivita na uko Uingereza: Hendon, Duxford, Fairford au milima ya Wales?

Majira ya joto yakikaribia huku Uingereza, ujumbe huanza kuingia kwenye simu: "Kaka, nakuja huko wiki mbili, nataka kuona ndege za kivita. Niende wapi?" Kabla sijataja mahali huwa nauliza swali moja. Ukikaa juu ya mlima tangu asubuhi hadi jioni na isipite ndege hata moja, utacheka au utanuna? Jibu la hapo hunisaidia kuliko kuijua bajeti ya mtu.

Wageni wengi huchagua kwa kuhesabu ndege, na hesabu hiyo huwapoteza. Palipo na ndege nyingi, nyingi zake zilizimwa injini zamani na hazitawashwa tena. Palipo na ndege zinazoruka kweli, siku yako inaweza kuwa ya ukungu. Kwa hiyo mimi napima kwa uhakika: unatoa nini, na una hakika kiasi gani ya kupata ulichokifuata.

Hendon na Duxford

Hendon, kaskazini mwa London, ndiko iliko RAF Museum, makumbusho ya jeshi la anga la Uingereza. Kuingia ni bure, ingawa mwenye gari hulipia maegesho. Panda Northern Line tawi la Edgware, shuka Colindale, kisha utembee kama robo saa. Kutoka King's Cross treni yenyewe haimalizi nusu saa. Mvua inyeshe, jua liwake, ndege zipo ndani na haziendi popote. Kwa uhakika, hakuna pengine panapoishinda.

Kuna vitu viwili hapo ambavyo namwomba kila mgeni asivipite haraka. Cha kwanza ni Lancaster namba R5868, ndege ya mabomu ya Vita Kuu ya Pili iliyofanya safari 137 za vita. Ubavuni, karibu na dirisha la rubani, yamechorwa mabomu madogo safu juu ya safu, moja kwa kila safari. Pembeni yake wale vijana waliandika majigambo ya Hermann Göring, mkuu wa jeshi la anga la Ujerumani ya Hitler, kwamba hakuna ndege ya adui itakayoruka juu ya ardhi ya Ujerumani. Dhihaka hiyo inaeleweka hata kwa mtu asiyejua lolote la ndege.

Cha pili ni Halifax W1048. Aprili 1942 ilikwenda Norwei kuishambulia meli ya kivita ya Kijerumani Tirpitz, ikapigwa, rubani akaishusha juu ya ziwa Hoklingen lililokuwa limeganda. Waliokuwemo walitoka wote hai. Baadaye ndege ikazama, ikakaa chini ya maji mpaka 1973. Makumbusho hawakuipaka rangi wala kuinyoosha. Bati limetoboka na kukunjamana, na mbavu zimebaki wazi kama za ngalawa iliyotelekezwa ufukweni. Nimewaona watoto waliokuwa wakikimbizana humo ndani wakisimama ghafla mbele yake. Ukibakiwa na muda, itafute Stuka, ndege ya mabomu ya Kijerumani, moja ya mbili tu zilizobaki nzima duniani (nyingine iko Chicago), kisha uingie ndani ya Sunderland, ile ndege kubwa iliyokuwa ikitua majini.

Kasoro ya Hendon ni ukimya. Ukumbi una mwanga hafifu, ndege zimepangwa karibu karibu, na hakuna kinachonuka mafuta. Shabiki aliyezoea video atatoka ameelimika, lakini moyo haukumwenda mbio hata mara moja.

Duxford ni kiwanja halisi, na njia yake ya kurukia inatumika mpaka leo. Hapo ndipo Kikosi namba 19 kilipopokea Spitfire, ndege ndogo za kivita, za kwanza za jeshi la anga la Uingereza, Agosti 1938. Kiko Cambridgeshire, pembeni ya barabara kuu ya M11. Asiye na gari hupanda treni kutoka Liverpool Street hadi Whittlesford Parkway, halafu taksi ya dakika chache. Tiketi ya mtu mzima ni zaidi ya pauni 20, kwa hiyo familia ya watu watano ijipange.

Unacholipia ni nini? Kwanza kuna jengo la ndege za Kimarekani lililobuniwa na Norman Foster, ambamo B-52, ndege kubwa ya mabomu, yenye mabawa ya mita 56 imeingizwa nzima nzima, na nyingine zimening'inizwa kuizunguka. Humo imo SR-71, ndege nyeusi ya upelelezi, ya pekee inayoonyeshwa nje ya Marekani. Hii hii ndiyo iliyopanda hadi mita 25,929 Julai 1976 na kuweka rekodi ya kimo kwa ndege inayoruka mfululizo bila kupanda na kushuka. Ukiitazama kwa karibu utashangaa ilivyo nyembamba. Ukisimama mbele yake, kichwa kinaonekana kama ubao uliolazwa.

Hata hivyo mimi huwapeleka watu Duxford kwa sababu ya kinachotokea nje. Siku kavu ya majira ya joto, hata Jumanne ya kawaida isiyo na maonyesho, kuna uwezekano mkubwa wa kuona Spitfire za viti viwili zikipakia abiria waliolipa maelfu ya pauni kwa safari fupi. Wewe usiyelipa chochote cha ziada unasimama kwenye uzio. Fundi anaondoa vizuizi vya magurudumu. Pangaboi linasota mara moja, linasita, linasota tena, kisha moshi wa bluu unatoka kwenye yale matundu ya ubavuni na injini inashika kwa kikohozi. Ni Merlin, silinda 12, lita 27. Kwa sekunde chache inatetemesha mbao za uzio ulioegemea. Ikisha kupata moto, mlio unatulia na kuwa mwororo, na hapo wazee waliokuja na viti vyao vya kukunja huacha kuzungumza.

Hapo Duxford pia ndipo makao ya Sally B, ndege ya mabomu ya Kimarekani aina ya B-17, ya mwisho barani Ulaya iliyokuwa na uwezo wa kuruka. Usiende kwa ajili yake peke yake. Ndege ya umri huo hukaa chini miezi mingi ikifanyiwa matengenezo.

Kati ya hizi mbili, Duxford inashinda kwa yeyote mwenye siku nzima na siku yenyewe ikiwa kavu. Mwenye nusu siku, watoto wadogo au hali ya hewa mbaya aende Hendon bila kujuta. Kuna pia uwanja wa michezo wa watoto nje, na kwa mzazi hilo si jambo dogo.

Cosford, kwa msomaji wa Afrika Mashariki hasa

Makumbusho dada ya Hendon iko Cosford, kati ya Wolverhampton na Shrewsbury, na kituo cha treni kipo jirani. Nayo ni bure. Mashabiki huitaja kwa sababu ndipo mahali pekee ambapo Valiant, Vulcan na Victor, zile ndege tatu za mabomu ya nyuklia za Uingereza, zipo pamoja. Pia ina Lightning, jeti ya kivita, iliyosimamishwa wima ndani ya ukumbi, pua juu. Yote hayo ni kweli na ni mazuri. Ila mimi ningemtuma Mkenya kule kwa sababu nyingine kabisa.

Cosford kuna Avro Lincoln, ndege ya mabomu ya injini nne iliyorithi kazi ya Lancaster. Kuanzia mwishoni mwa 1953 hadi 1955, Lincoln zilikuwa zikiruka kutoka Eastleigh, Nairobi, kwenda kudondosha mabomu kwenye misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya wakati wa vita vya Mau Mau. Nilikwenda pale na mzee mmoja wa Nyeri, baba wa rafiki yangu. Aliitazama muda mrefu, mikono nyuma. Nikamuuliza, "Mzee, uliwahi kuziona hizi?" Akasema, "Kuona? Sisi tulizijua kwa sauti. Mama akiisikia anatuita ndani." Kisha akataka tukanywe chai.

Injini za Lincoln ni Merlin, za ukoo ule ule wa Spitfire tunayoifuata Duxford kuisikiliza. Tangu siku ile nikiwa kwenye uzio siwezi kuusikia mlio ule kwa namna moja tu.

Upande wa pwani nao umo, kwa njia ya amani kidogo. Cosford ina Catalina, aina ile ile ya ndege za majini zilizokuwa na kituo Kipevu, Mombasa, wakati wa Vita Kuu ya Pili, zikisaka manowari za adui katika Bahari ya Hindi.

Fairford na milima ya Wales

Hapa ndipo uchaguzi unapokuwa mgumu, maana sasa tunazungumzia jeti zinazoruka.

Fairford, katika Gloucestershire, ni kituo cha jeshi la anga kinachotumiwa na Wamarekani kwa ndege zao kubwa za mabomu. Julai kila mwaka hufanyika hapo maonyesho ya ndege za kijeshi yanayoitwa RIAT, siku tatu, Ijumaa hadi Jumapili. Mwaka 2003 yalikusanya ndege 535 na kuingia kwenye kitabu cha rekodi kama maonyesho makubwa kuliko yote ya ndege za kijeshi. Siku hizi idadi haifiki hapo, lakini bado utaona kwa siku moja ndege za mataifa ambayo usingeweza kuyazunguka kwa mwaka mzima. Vipo vikosi vya kuruka kwa mpangilio, jeti peke yake, helikopta, na ndege za kujaza mafuta angani zilizofunguliwa milango uingie. Marubani husimama kando ya ndege zao, wakigawa stika na kuzungumza na watoto.

Gharama ni halisi. Tiketi ya mtu mzima kwa siku moja ni zaidi ya pauni 60, chakula cha ndani ni ghali, na msongamano wa kutoka jioni utakula muda wako. Usafiri wa treni hukufikisha Swindon, kisha basi la maonyesho. Jeti ikiwasha moto wa nyuma ya injini, mtoto asiyekuwa na vizuia kelele vya kuvaa kichwani atalia, na ana haki ya kulia.

Usalama wake watu huulizia, hasa wazazi. Mwaka 1993 hapo hapo Fairford MiG-29 mbili za Urusi ziligongana angani mbele ya umati. Marubani wote wawili waliruka kwa viti vyao, na hakuna aliyekufa. Shoreham, kusini mwa nchi, haikuwa na bahati hiyo: Agosti 2015 ndege aina ya Hunter ilianguka barabarani wakati wa maonyesho na kuua watu 11. Tangu hapo masharti yamekazwa, umbali kati ya ndege na watu umeongezwa, na wapo mashabiki wanaonung'unika kwamba maonyesho yamepoa. Mimi siwaungi mkono. Ukitaka ukaribu, upo mahali pengine, tena bure.

Mahali penyewe ni Wales, kwenye mabonde yaliyo kati ya Dolgellau na Machynlleth, ambayo mashabiki huyaita Mach Loop. Marubani hufanya hapo mazoezi ya kuruka chini chini, hadi mita 76 kutoka ardhini, wakipinda kufuata bonde. Wewe unapanda mlima kutoka kwenye maegesho ya barabara ya A487 mpaka sehemu kama Cad West, unakaa kwenye mteremko, na ndege hupita chini ya macho yako. Umesoma sawa: unaitazama kwa juu. Hakuna tiketi, hakuna choo, hakuna duka, na kondoo ndio wengi kuliko watu.

Kinachowashangaza wageni ni sauti. Tuseme jeti inakuja kwa kilomita 830 kwa saa na iko kilomita tatu. Itakufikia baada ya sekunde 13. Sauti yake inahitaji karibu sekunde tisa. Maana yake masikio yanapata onyo la sekunde nne hivi, na milima ikikinga sauti unapata pungufu ya hapo. Mtu mmoja upande wa juu hupiga kelele, "Hiyo!", watu wote wanashika kamera, na tayari imekwisha kufika.

Nakumbuka F-15 mbili zilizopita hapo siku yenye mawingu mazito. Ya kwanza nilikuwa nafungua chupa ya chai, sikuipata. Ya pili ililala ubavu kupinda kona, mgongo wake wote ukatugeukia, na ndani ya kioo nikaona kofia mbili. Ile ya nyuma iliinuka, ikatutazama. Mvuke mweupe ulikuwa umezishika ncha za mabawa. Baadaye ndipo ngurumo ikaja, si masikioni tu, kifuani pia, na majani ya mlimani yakainama. Katika maonyesho ya kulipia sijawahi kupata kitu kinachokaribia hicho.

Lakini nawe uwe tayari kwa upande wa pili. Ndege haziruki kwa ajili yako. Mwishoni mwa wiki kwa kawaida hakuna kitu. Wingu likishuka kuziba bonde, hakuna kitu. Vikosi vikiwa vimepelekwa ng'ambo au rubani wa zamu akiwa na kazi upande mwingine wa nchi, hakuna kitu, na hakuna dirisha la kudai urudishiwe pesa. Njia ya kupanda ni kali, ikinyesha inateleza, na baridi ya juu ni ya koti hata Julai. Mgeni mwenye siku mbili tu nchini asijaribu. Fairford nayo iliwahi kufutwa, 2008, kwa sababu viwanja vya kuegeshea magari vililowa vikawa tope. Lakini hilo ni tukio la nadra, kumbe Wales kukosa ni sehemu ya mchezo.

Wapo wanaotaka kitu cha katikati, na hao nawaelekeza Lakenheath, Suffolk, kituo cha Wamarekani chenye F-15E, na tangu Desemba 2021 F-35A pia. Kando ya A1065 kuna sehemu ambapo mashabiki hukusanyika kutazama zikipaa na kutua. Nenda siku ya kazi, epuka sikukuu za Kimarekani kama 4 Julai, na uwezekano wa kuona jeti ni mkubwa kuliko Wales. Mandhari yake ni uzio na misonobari, hakuna cha kusimulia zaidi. Kwa asiye na gari ni mateso.

Kamera, redio na polisi

Waliokulia nyumbani wana woga wa haki wa kuinua kamera karibu na kambi. Vibao vya kukataza picha tunavijua sote, na ukiwa Dar, Nairobi au Entebbe viheshimu. Uingereza kupiga picha ukiwa barabara ya umma kwa kawaida hakuna shida. Askari wa Lakenheath huwapita mashabiki wakiwapungia mkono. Usilete droni kabisa. Na zile redio za kusikiliza marubani, utaziona mikononi mwa watu wengi, lakini sheria ya Uingereza hairuhusu mtu wa kawaida kusikiliza mawasiliano hayo. Mgeni mwenye viza asijiingize.

Ukivuka mipaka usidhani kila nchi ina moyo huo. Novemba 2001 mashabiki 14, Waingereza 12 na Waholanzi wawili, walikamatwa Ugiriki wakishukiwa upelelezi kwa sababu ya kuandika namba za ndege. Walihukumiwa mwaka uliofuata, na walisafishwa kwa rufaa Novemba 2002 baada ya kuhangaika mwaka mzima.

Kwa picha zenyewe: jeti, weka kasi ya shata 1/1000 au zaidi. Ndege ya pangaboi, shusha hadi 1/250 au chini ya hapo, la sivyo pangaboi litaonekana limesimama na ndege itaonekana kama inaanguka. Duxford lenzi ya kawaida inatosha. Fairford na Wales utatamani ya milimita 400.

Basi nani aende wapi

Mwenye mchana mmoja London akiwa njiani kwenda kwingine, Hendon. Mwenye siku kamili na pauni za tiketi, Duxford, lakini angalie hali ya hewa usiku uliotangulia na asikubali kulipa kabla. Mzee anayekumbuka Eastleigh ya wakoloni, Cosford, na apewe muda. Kijana mwenye kamera, gari la rafiki na wiki tupu, Wales, siku tatu mfululizo za kazi ili mojawapo imlipe, na Lakenheath iwe akiba.

Familia inayokuja Julai na imepania kuona jeti kwa hakika, Fairford, hata kama bei inauma. Kwao nina ushauri wa ziada. Wanaojua hawaishii kwenye siku tatu za maonyesho. Ndege huanza kuwasili katikati ya wiki, na Jumatatu inayofuata maonyesho ndege zote huondoka, moja baada ya nyingine, bila muziki wala mtangazaji, huku marubani wengine wakiaga kwa kupaa kwa mbwembwe. Siku hizo watu ni wachache. Tiketi zake nazo hununuliwa mapema mtandaoni, langoni hakuna dirisha la kuuza, kwa hiyo zikate ukiwa bado Dar au Nairobi.